Mafundo ya Jumapili

Nafuna alikisikia kicheko cha mwanawe kabla hajafika mlangoni, akasimama palepale uchochoroni na kapu la samaki kichwani. Miezi kumi na minne alikuwa akikingoja kicheko kile. Alikiombea kwa magoti, alikifungia kila Ijumaa, alikisimulia mbele ya akina mama wa kanisa mpaka wakalia naye. Na sasa kimekuja, kinene, cha kutoka tumboni, kama cha zamani Khainza alipokuwa mtoto wa kukimbiza vifaranga. Ila kilikuwa kikitokea nyumbani kwa jirani, Hajarah.

Mama mwingine angelitupa kapu akimbilie ndani. Nafuna aliliteremsha polepole, akafunga upya kitambaa chake cha kichwa, akasema moyoni: kwangu hakucheka hata siku moja.

Hapo ni Namakwekwe, mjini Mbale, mtaa wa vyumba vya kupanga, mwaka mmoja wa utawala wa kijeshi, ambapo sabuni ilikatwa kwa uzi vipande vipande na sukari ilikuwa ya kusimuliwa tu. Nafuna mwenyewe hakuishi Mbale. Aliishi Masese, Jinja, kandokando ya ziwa, akikausha samaki wa ngege kwa moshi. Kila baada ya wiki mbili, siku ya Jumamosi, alipanda basi na kapu lake kuja kumwona binti yake, mtoto wake wa pekee.

Mume wa Nafuna, Barasa, alikuwa dereva wa lori. Alhamisi moja askari walimsimamisha kwenye kizuizi cha barabarani, Khainza akiwa kiti cha pembeni. Wakamwambia ashuke. Alishuka. Khainza alibaki juu, mlango wazi, injini ikinguruma, hadi injini ikazimika yenyewe kwa kuishiwa mafuta. Barasa hakurudi, na mwili wake haukuonekana. Tangu siku hiyo msichana wa miaka kumi na saba akawa akisikia lori anaingia uvunguni mwa kitanda. Halali. Hali. Ukimgusa begani anaruka kama aliyechomwa na kaa la moto.

Nafuna alifanya yote aliyoyajua. Alimpikia uji wa wimbi, alimwekea mikono kichwani akaomba mpaka sauti ikakauka. Mwishowe wifi yake Nanyama, dada wa Barasa, akaja kumchukua akaishi naye Namakwekwe. "Huku kwenu malori ya jeshi yanapita mchana kutwa," alisema. "Niachie. Akiweza kulala na kusikia injini bila kujificha, atarudi kwako." Nafuna akashika neno hilo moja: atarudi. Ndilo lililomwamsha asubuhi, ndilo lililompandisha basi.

Sasa aliingia kwa Hajarah bila kubisha.

Wanawake kumi na mmoja walikuwa wamekaa kwenye mikeka, na katikati yao Hajarah, mwanamke mwembamba wa miaka arobaini, mtandio mweupe, miguu ameikunja. Zamani alikuwa nesi Kampala, katika wodi ya wagonjwa wa akili. Madaktari walipokimbia nchi na dawa zikaisha kabatini, alirudi kwao Mbale na kitu kimoja ambacho hakikuisha: yale aliyofundishwa. Hakuwa na mume, na hakuwahi kupata mtoto. Khainza alikuwa amekaa karibu naye, magoti yakigusana.

"Mayi!" Khainza aliita, kwa neno la kwao la mama, akainuka kumpokea. Akamkumbatia vizuri. Kisha, na hili Nafuna aliliona kwa macho yake mawili, akarudi kukaa palepale alipokuwa.

"Karibu, Mama Khainza," Hajarah alisema. "Kaa nasi. Tunapumua."

"Hata mimi napumua," Nafuna akajibu. "Nimetoka Jinja nikipumua."

Wanawake wakacheka. Kulusumu, mwanamke mnene muuza kabalagala, vile vitumbua vya ndizi, asiyekosa la kusema, akapiga paja. "Mwambie, dada! Mimi nimepumua miaka hamsini bila mwalimu, leo naambiwa siku zote nilikuwa nakosea!"

Hajarah naye alicheka, kisha akaeleza, na maelezo yake hayakuwa na mbwembwe. Ndani ya mwili, alisema, kuna mlinzi. Akisikia kishindo anapiga kengele, moyo unakwenda mbio, viganja vinalowa, miguu inataka kukimbia. Ndiyo kazi aliyopewa. Lakini mlinzi aliyetishwa sana mara moja hupiga kengele hata paka akipita. "Huwezi kumwambia nyamaza, maneno hayajui. Anachojua ni pumzi. Ingiza kwa hesabu ya nne. Itoe kwa hesabu ya sita, polepole, kama unapuliza uji wa mtoto na hutaki umwagike. Akiona pumzi inatoka ndefu, anajua hatari imepita. Madaktari wamelipima hili kwa mashine, si maneno ya Hajarah."

"Na Mungu umemweka wapi?" Nafuna akauliza.

"Mungu si ndiye aliyeiumba hiyo pumzi, mama? Mimi nasali mara tano kwa siku, na bado nahesabu."

Nafuna akavuta mkeka kwa nguvu kupita kiasi, akaketi.

Jioni ile Nanyama, akiosha vyombo, alimsimulia bila kujua anachokifanya. Jinsi Hajarah alivyompeleka Khainza sokoni kusikiliza malori kutoka mbali, wakahesabu pumzi mpaka moyo ukatulia. Wiki iliyofuata, upande wa pili wa barabara. Wiki ya nne akaligusa lori lililozimwa, kiganja kizima kwenye bati. "Alilia, wifi, halafu akacheka! Hajarah amemshika mkono hivi."

"Amemshika mkono," Nafuna akarudia.

"Hivi."

Akautazama mkono wa Nanyama wenye povu la sabuni. Mkono wa kumshika Khainza siku ile ulipaswa kuwa huu wake, wenye makovu ya moto wa samaki.

Khainza alilala mapema, akalala kweli, mdomo wazi. Nafuna alikaa akimtazama. Alifungua kinywa kumshukuru Mungu na shukrani ikamkwama, kwa sababu kabla ya kusinzia mtoto alikuwa amesema, "Mayi Hajarah anasema nikiota vibaya niite majina ya vitu vitano ninavyoviona." Mayi Hajarah. Alilisema kwa wepesi, kama mtu anayeomba chumvi.

Asubuhi, Khainza akiwa ameenda kuchota maji kabla ya kanisa, Nafuna alitandika kitanda. Chini ya godoro mkono wake ukagusa kitu alichokijua bila kukitazama: kamba za mgomba, nyembamba, laini, zilizochanwa kwa ukucha jinsi yeye alivyomfundisha Khainza kuchana za kufungia samaki. Zilikuwa zimefungwa mafungu, kila fungu kamba saba. Na kila kamba ilikuwa na mafundo.

Alijua ni nini. Jana alimwona Hajarah akizikagua za wengine. Kila siku mwanamke hupima uzito wa moyo wake, kuanzia sifuri hadi kumi, na kufunga mafundo kwa idadi hiyo. Karatasi hawakutumia. Karatasi askari akiikuta ataisoma anavyotaka yeye. Kamba ya mgomba nani ataisoma?

Nafuna alisoma. Darasa la sita alilosoma lilimtosha kwa hesabu hiyo. Jumatatu mafundo manne, Jumanne matatu. Jumamosi, siku ya Hajarah, mawili, na wiki iliyopita moja tu. Akaifikia kamba ya mwisho ya fungu moja, Jumapili. Mafundo tisa. Akachukua fungu jingine. Jumapili, mawili. Fungu la tatu, tisa. La nne, mawili.

Akakaa kitandani na kuhesabu kwa vidole wiki alizokuja na wiki ambazo hakuja. Jumapili za tisa zilikuwa zake. Kila Jumapili aliyolala pale, akaenda kanisani na mwanawe bega kwa bega, moyo wa mtoto ulilemewa zaidi ya mara nne kuliko Jumapili asipokuwapo.

Akazirudisha kamba chini ya godoro kama alivyozikuta. Kanisani aliimba kila ubeti, na saa nane alipanda basi kurudi Jinja. Alipokuwa akitoka kwa Nanyama, Khainza alimtazama kutoka dirishani, uso mkavu, midomo ikichezacheza, asiseme kitu. Hata kwaheri inamshinda, Nafuna akawaza.

Wiki ile wivu ulikula naye, ukalala naye. Alipokuwa akigeuza ngege juu ya uchaga, moshi ukimtoa machozi, alimwona Hajarah akipika jikoni mwake, akisuka nywele za mwanawe, akimpeleka siku ya harusi. Tasa amepata mtoto bila uchungu, alisema, na papo hapo akatubu, na baada ya kutubu akalisema tena. Maombi yake yenyewe yaligeuka. Alianza kwa "Bwana, mponye Khainza," na akishtuka alikuwa anasema "Bwana, mtoe yule mwanamke pale."

Alhamisi alipeleka samaki upande wa Kimaka, kwenye nyumba za askari, kwa Sajini Romano aliyenunua chakula cha maofisa. Romano alikuwa mtu wa mizaha, na kwa Nafuna alikuwa na heshima yake.

"Mama Samaki! Kwa nini sura yako iko namna hii? Nani amekuudhi, mimi nifunge yeye?"

Alikuwa anatania. Nafuna alijua anatania.

"Mtoto wangu wamemchukua, afande."

"Nani amechukua?"

"Mwanamke mmoja Mbale. Anakusanya wanawake nyumbani, anawafundisha kupumua."

Romano akacheka mpaka kofia ikasogea. "Kupumua! Watu nasoma kupumua!" Kisha kicheko kikapungua, kikaisha, na macho yakabaki peke yake. "Wanawake wangapi?"

Hapo ndipo angeweza kusema sijui.

"Kumi na mmoja," alisema.

"Siku gani?"

"Jumamosi. Namakwekwe. Hajarah."

Romano hakuandika kitu. Alitikisa kichwa, akaingia ndani, akatoka na mfuko wa sukari, kilo mbili nzima. "Hii ya uji ya mtoto. Mimi nitaambia wale ya Mbale waangalie kidogo tu."

Nafuna alibeba sukari ile mpaka Masese, na njia nzima wivu ulikuwa umenyamaza, umeshiba. Aliiweka mezani. Akawasha moto, akapanga samaki, akainama kupuliza makaa. Alipoinama, akamwona: Khainza, amekaa kwenye mkeka karibu na Hajarah, magoti yakigusana, siku ya Jumamosi.

Katika wanawake kumi na mmoja aliowahesabu, mmoja alikuwa mwanawe.

Akaketi majivuni. Mbale hakukuwa na simu ya kumpigia yeyote. Ijumaa basi halikwenda, lilikosa dizeli. Jumamosi alfajiri lilikwenda, na Nafuna alikuwa wa kwanza kupanda, na kapu la ngege hamsini, na sukari chini ya samaki, kwa sababu hakuthubutu kuiacha wala kuila.

Kabla ya Tororo kulikuwa na kizuizi. Abiria wote chini. Askari kijana alitia mkono ndani ya kapu, akaukuta mfuko.

"Sukari! Magendo! Kuja hapa, wewe mama!"

Moyo wa Nafuna ukaanza kupiga masikioni. Viganja vikalowa. Miguu ilitaka kukimbia kuelekea kwenye mihogo, na aliyekimbia siku zile hakufika. Huyu ndiye yule mlinzi, aliwaza, na wazo lilimjia kwa sauti ya Hajarah, akalichukia, akalishika. Akavuta nne. Akatoa sita. Hakuwa na uji wa kupuliza, akapuliza kama anavyopuliza makaa kila siku ya Mungu, polepole, yasiruke majivu. Mara ya tatu ulimi ukarudi kinywani.

"Ni ya Sajini Romano, Kimaka," alisema. "Amenipa mwenyewe. Niandike jina langu, afande, umuulize."

Kijana alimtazama sana. Akachukua samaki wawili, akamrudishia mfuko, naye akauweka juu ya samaki.

Basi liliingia Mbale saa tano. Nafuna alikimbia, kapu kichwani, mwanamke wa miaka arobaini na saba, watu wakimpisha. Alipoingia kwa Hajarah, wote walikuwa wameshafika, mikekani, kamba mikononi.

"Mayi?" Khainza alishangaa. "Si zamu yako leo."

"Askari wanakuja," Nafuna alisema.

Kisha wanawake wakaanza kuinuka wote kwa pamoja.

"Kaeni!" Hajarah alisema, bila kupaza sauti. Akamgeukia Nafuna. "Umejuaje?"

"Usiniulize sasa. Wakiwaona mnatoka mbio ndiyo mwisho wetu. Kaeni. Mimi nauza samaki. Ninyi ni wateja wangu."

Hajarah akamtazama kwa muda wa pumzi moja, nne kuingia, sita kutoka, kisha akauona mfuko kapuni. "Haya," alisema. "Sukari hiyo nipe, niweke chai."

Chai haikuwa imechemka gari lilipofika. Lilisimama mlangoni na injini haikuzimwa. Ilinguruma pale nje, ikatikisa bati la dirisha, na Nafuna akamwona mwanawe akigeuka rangi ya jivu. Alitaka kumrukia, amfunike na mwili wake. Hajarah, upande wa pili wa chumba, hakumwendea. Alimtazama tu. Midomo ya Khainza ilikuwa ikicheza, na safari hii Nafuna akasoma kilichokuwa kikisemwa: moja, mbili, tatu, nne.

Khainza akasimama. Akaenda mlangoni mwenyewe.

"Karibuni, afande. Samaki wamefika."

Waliingia wawili. Mkubwa wao, mwenye fimbo, alizunguka akiwatazama. "Hajarah nani?"

"Mimi."

"Hii mkutano ya nini? Kibali iko wapi?"

"Ni wateja wangu, afande," Nafuna alisema. "Natoka Jinja. Hapa ndipo tunapogawana."

Fimbo ikagusa kamba mkononi mwa Kulusumu. "Na hii?"

Khainza ndiye aliyesema. "Ni oda, afande. Hawa hawajui kuandika. Fundo moja, samaki mmoja." Akainama kwenye kapu, akahesabu mbele ya mwanamke wa kwanza, "Mmoja, wawili, watatu, wanne, watano." Mwanamke akaonyesha kamba yake: matano. Akaenda kwa wa pili. Sita. Wa tatu, wanne. Akafika kwa Kulusumu, yule mcheshi, yule wa kupiga paja, na kamba yake ilikuwa na mafundo tisa. Khainza aliyaona, akasita kidogo, kisha akahesabu samaki tisa bila kuinua macho. Kulusumu alitazama ukutani.

Nafuna alikuwa akipiga hesabu nyingine. Samaki arobaini na wanane. Mafundo yalikuwa mengi kuliko samaki, na wanawake bado. Nao waliona. Wa saba akafunika mafundo mawili kwa kidole gumba. Wa nane akafumba ngumi, yakabaki nje matatu tu. Mpaka wa mwisho kapu lilikuwa na samaki sita, na kamba yake, kwa rehema za Mungu, ilionyesha mawili.

"Jinja walisema hapa mnafundisha watu kupumua," alisema yule mkubwa.

"Afande, kwa kifua hiki?" Kulusumu akakohoa mpaka mkeka ukatikisika. "Ni moshi wa samaki wa huyu mama! Ukila wake mwezi mmoja, kupumua lazima uanze kujifunza upya!"

Yule mdogo akacheka. Mkubwa naye akatabasamu upande mmoja. Wakanywa chai yenye sukari nyingi, kila mmoja vikombe viwili, wakachukua samaki wanne waliobaki. "Hapa mkutano hakuna tena," mkubwa alisema mlangoni. "Nikirudi nakuta watu, samaki haitasaidia." Injini ikaondoka, ikasikika mpaka kona, ikapotea.

Halafu Kulusumu akauliza, bila mzaha: "Nani ametutaja?"

Hajarah alikuwa akikusanya vikombe. Hakusema kitu, na Nafuna alijua hatasema, leo wala kesho. Angeweza kunyamaza naye. Alimtazama Khainza aliyekuwa bado amesimama, jasho likimtiririka, macho yaking'aa.

"Mimi," alisema. "Alhamisi, Kimaka. Nilimwambia sajini anayenunua samaki wangu. Sukari hiyo mliyoinusa ndiyo aliyonipa."

"Kwa nini?" Hajarah aliuliza. Aliuliza kama anavyowauliza wote, kwa sauti ya kutaka kujua.

"Kwa sababu anakuita mayi."

Kulusumu aliinuka. Akachukua samaki wake tisa, mmoja mmoja, akawarudisha kapuni. Wa pili akafuata, na wa tatu. Walirudisha wote, wakatoka wawili wawili, na hakuna aliyemuaga. Khainza alitoka mwisho, akampita mama yake kama anavyopita mlingoti.

Hakumsemesha jioni hiyo, wala asubuhi. Kanisani alikaa upande wa Nanyama. Nafuna aliomba, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi ombi lake halikuwa na Hajarah ndani yake. Aliomba tu kwamba mtoto aulize, hata kama ni kwa kufoka.

Aliuliza wakati Nafuna anafunga kapu. "Ulikuwa na hasira nami?"

"Niliona kamba zako chini ya godoro. Jumapili ninazokuja, tisa. Nisipokuja, mawili. Nikasema, mimi ndiye mzigo wake."

"Jumapili unapanda basi, Mayi," Khainza alisema. "Saa nane unapanda basi, unapita vizuizi vyote vile, na mimi sijui kama umefika mpaka wiki mbili ziishe ukitokea tena na kapu. Nafunga mafundo ukishaondoka. Nikisimama dirishani nahesabu ili nisipige kelele." Akafuta pua kwa mkono. "Ungeniuliza."

Nafuna alitaka kumkumbatia, lakini aliona mikono ya mtoto imefungwa kifuani, akaacha yake ilipo.

"Sirudi Masese sasa," Khainza alisema. "Lori nimeweza kuligusa. Kuingia ndani bado. Na wewe bado nina hasira nawe."

"Kiasi gani?"

Khainza akafikiri, kama mtu anayepima kweli. "Saba."

"Saba," Nafuna alikubali.

Alimpitia Hajarah kabla ya kwenda stendi. Hakupiga magoti, wala Hajarah hakumtaka apige. Darasa lingeendelea sokoni, Hajarah alisema, wawili leo, wawili kesho, kwenye meza ya samaki kama muuza samaki ataruhusu. Kulusumu atachelewa kuja, lakini atakuja. Nafuna akasema atapeleka kapu sokoni moja kwa moja kuanzia safari ijayo. Kisha akasimama pale, kama mtu aliyesahau alichofuata.

"Na mimi nipe kamba," alisema mwishowe.

Hajarah akamchania moja. "Unachokipima kina jina?"

"Wivu," Nafuna alisema. Hakuwahi kulitamka neno hilo kwa sauti, hata kwa Mungu.

Stendi, Khainza alikuja. Hakubaki tena dirishani kwa Nanyama. Alisimama ubavuni mwa basi, injini ikinguruma futi mbili kutoka kwake, kiganja amekiweka kwenye bati. Kwa mkono mwingine alikuwa ameshika mtandio wa Hajarah, aliyesimama kando yake. Nafuna aliwatazama wawili wale wakiwa pamoja, kitu kikamchoma palepale kinapochoma siku zote, akatoa kamba, akaanza kufunga. Alifika nane.

"Ukifika, mpe dereva ujumbe!" Khainza alipaza sauti juu ya injini. "Leo hii, Mayi, akirudi na basi kesho anipe! Sema tu umefika!"

"Nitampa!"

Basi likaondoka. Kwenye kizuizi cha Tororo aliteremka na wengine, akahesabu nne na sita, akapanda tena. Baada ya Iganga aliichukua kamba mapajani, akapima upya. Fundo la nane alikuwa amelikaza sana. Alilifungua kwa meno.